Kambi ya Kazi Nje ya Juba: Mwongozo kwa Anayetaka Kwenda Kujitolea

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na kabla ya kutimiza miaka mitatu ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Mapigano yalianza Juba Desemba 2013, yakarudi Julai 2016, na nyuma yake yakaacha vijiji visivyo na shule, zahanati wala kisima kinachotoa maji. Mkataba wa amani wa Septemba 2018 uliwapa watu moyo wa kurudi kwao. Wengi walikuta nyumba imebaki alama ardhini na shamba limekuwa pori.

Ikiwa umesikia habari za kambi ya kazi za kujitolea huko na moyo unakusukuma kwenda, usiupuuze. Nchi hii ni jirani yetu na mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Kuna kazi, na mikono inahitajika. Ila nenda ukiwa na jambo moja kichwani: wewe ni wa kuongeza nguvu kwenye kazi ambayo wenyeji wameshaianza, na ambayo wataiendeleza ukishaondoka. Kambi isiyo hivyo huwagharimu wenyeji kuliko inavyowafaa. Ushauri wote ulio hapa unatokana na hilo.

Kambi ya kazi ni kitu gani

Ni kundi dogo la watu kutoka nchi mbalimbali, mara nyingi 10 hadi 20, wanaoishi na wenyeji kwa wiki mbili hadi nne wakifanya kazi ya mikono: kujenga darasa, kukarabati kisima, kupanda miti, kufungua shamba. Nauli ni juu yako, mchango wa chakula na malazi unatoa, na mshahara hakuna. Kazi huchukua saa tano au sita kwa siku. Kupika na kuosha vyombo ni kwa zamu, na kulala ni chini ya chandarua, darasani au ndani ya tukul, nyumba ya mviringo iliyoezekwa nyasi.

Utaratibu huu ulizaliwa na vita. Mwaka 1920 Pierre Cérésole, mhandisi wa Uswisi, alikusanya watu wa mataifa yaliyokuwa yametoka kupigana, Wajerumani wakiwemo, wakaenda kujenga upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa. Kuwepo kwa Wajerumani kulizua mvutano na mamlaka, na mwaka 1921 kikundi kikaondoka. Kutokana na jaribio hilo likakua shirika la Service Civil International. Kwetu Afrika Mashariki, chama cha KVDA cha Kenya kilianza 1962, na Tanzania wako UVIKIUTA, wenye makao yao Chamazi, Dar es Salaam. Funzo la Esnes bado lina kazi mpaka leo. Nia njema ya mgeni peke yake haijengi kitu. Wenyeji na wenye mamlaka wasipoikubali kazi, pamoja na watu wanaokuja kuifanya, kambi inavunjika.

Kwa sababu hiyo, kama hujawahi kukaa kambini, anzia nyumbani. Wiki mbili kwenye kambi ya Kenya, Uganda au Tanzania zitakuonyesha kama unaweza kulala chini, kula kilichopo na kupokea maelekezo ya fundi bila kununa. Juba si mahali pa kwenda kujaribu hayo kwa mara ya kwanza.

Uliza kwanza: kazi hii ni ya nani?

Sudan Kusini imegawanywa katika majimbo, kaunti, payam na boma. Boma ndicho kiwango cha chini kabisa, na huko ndiko aliko chifu anayejua nani ana shamba wapi. Mwenye kambi akikuambia "tunakwenda kijiji kimoja nje ya Juba", mwombe akutajie boma na payam. Akishindwa, hajafika huko. Kisha muulize haya, na utake majibu kwa maandishi:

- Nani aliomba kazi hii? Jibu zuri lina watu ndani yake: kamati ya shule, kikundi cha akina mama, parokia, chifu na wazee wake. Jibu la "tuliona wanahitaji" halitoshi.
- Ardhi ni ya nani? Sheria ya Ardhi ya 2009 inatambua ardhi ya jamii, lakini vita vilihamisha watu, na aliyerudi mara nyingi alikuta mwingine amejenga kwake. Kuzunguka Juba ugomvi wa viwanja ni mkali. Ukijenga darasa kwenye kiwanja chenye mgogoro, umewapa watu sababu mpya ya kugombana. Iwepo barua ya chifu na ya kaunti.
- Nani analipwa? Fundi mwashi, fundi pampu, mpishi na mlinzi wa kijijini wanaishi kwa kazi hizo. Kambi nzuri inawaajiri, na wageni wanakuwa vibarua wao. Ukiona wageni wanajenga bure huku mafundi wa pale wamekaa chini ya mwembe bila kazi, kambi hiyo inawanyang'anya riziki.
- Nani yuko nje ya mpango? Kijijini wanaweza kuwa wenyeji wa asili, wakimbizi wa ndani na wafugaji wanaopita na ng'ombe. Kisima cha upande mmoja tu kinaweza kuleta bunduki. Uliza wengine watachota wapi.
- Nani atatunza? Jina la mwenyekiti wa kamati, jina la mweka hazina, na vipuri vitanunuliwa kwa fedha gani.
- Shirika limesajiliwa? Tangu sheria ya mashirika ya 2016, mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa na tume ya misaada ya serikali, ambayo huko kila mtu anaiita RRC. Omba kuona cheti kinachotumika mwaka huu.

Ukitaka kuona kazi iliyoanzia kwa wenyeji inavyofanana, soma habari za Kuron, Equatoria Mashariki. Askofu Paride Taban, mzaliwa wa nchi hiyo, alipostaafu uaskofu wa Torit alianzisha huko mwaka 2005 Kijiji cha Amani cha Utatu Mtakatifu, kati ya jamii za wafugaji zilizozoea kuibiana mifugo na kulipizana kisasi. Pana shule, zahanati, mashamba na mazungumzo ya amani yasiyokatika. Alitunukiwa tuzo ya Sergio Vieira de Mello mwaka 2013. Alifariki Novemba 2023 na kijiji kimebaki. Wageni wamepita Kuron kwa miaka mingi wakisaidia, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekibeba kijiji mabegani.

Karibu zaidi na Juba, ng'ambo ya mto Nile, watawa Wakatoliki wa Don Bosco, Wasalesiani, wako Gumbo, ambako waliwahifadhi watu waliokimbia vita vilivyoanza 2013. Umoja wa Mataifa nao una mpango wa kujitolea, UNV, ambao huwapeleka watu Sudan Kusini kwa muda mrefu na kuwapa posho; huo unataka uzoefu wa kazi na haufanani na kambi ya wiki tatu. Taasisi iliyokaa na watu kwa miaka ni mlango mzuri kuliko kikundi kilichoanzishwa juzi kwa ajili ya kupokea wageni.

Pima usalama kabla ya kukata tiketi

Nitasema wazi. Sudan Kusini imekuwa kwa miaka kadhaa miongoni mwa nchi zenye hatari kubwa zaidi duniani kwa wafanyakazi wa misaada. Julai 2016 wanajeshi waliivamia hoteli mjini Juba walimokuwa wafanyakazi hao. Mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani wanajeshi 10 kwa shambulio hilo mwaka 2018. Agosti 2021 magari kwenye barabara ya Juba kwenda Nimule yalishambuliwa, na masista wawili wa Kikatoliki wakauawa. Machi 2025 Makamu wa Kwanza wa Rais, Riek Machar, aliwekwa kizuizini nyumbani kwake na mvutano ukapanda upya. Uchaguzi uliotarajiwa Desemba 2024 ulisogezwa hadi Desemba 2026, na miezi ya kuelekea uchaguzi katika nchi yenye silaha nyingi mikononi mwa watu ni ya kuangaliwa kwa makini.

Kwa hiyo panga safari huku ukiwa tayari kuifuta. Wiki nne kabla, wiki moja kabla na siku moja kabla, zungumza na watu watatu tofauti: mwenyeji wa kambi, mtu wa ubalozi wa nchi yako, na mtu anayeishi Juba asiyehusika na kambi. Jumuiya za Wakenya, Waganda na Watanzania wanaofanya biashara na kazi huko zina habari za uhakika kuhusu barabara. Wote watatu wakisema njoo, nenda. Mmoja akisita, muulize kwa nini, na usione haya kuahirisha.

Mwulize mwandalizi mambo manne zaidi: gari lipo muda wote kambini? Mawasiliano ni kwa njia gani simu zikikatika? Nani ana mamlaka ya kutoa amri ya kuondoka? Mtakimbilia wapi? Mwandalizi mwenye majibu ya papo hapo ameshafikiria. Anayekwambia "Mungu yupo" amesema kweli, lakini bado hajajibu.

Karatasi, chanjo na fedha

Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Wakenya na Waganda waliondolewa visa mwaka 2021. Wengine mthibitishe kwenye ubalozi, na hata asiyehitaji visa abebe barua ya mwaliko yenye muhuri, jina la boma na simu ya mwenyeji. Ukifika, mwombe mwenyeji akupeleke uhamiaji mara moja kuuliza habari za kujiandikisha. Beba nakala kadhaa za kila karatasi, kwa sababu vituo vya ukaguzi ni vingi na kila kimoja kinaweza kutaka yake.

Chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na cheti chake kinaanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa. Muone daktari mapema kuhusu homa ya uti wa mgongo, homa ya matumbo, homa ya ini, pepopunda, polio na kipindupindu. Mlipuko wa kipindupindu ulitangazwa nchini Oktoba 2024 na ukaenea majimbo mengi. Malaria iko mwaka mzima. Dawa ya kuzuia ianze kabla ya safari kama daktari atakavyokuelekeza.

Bima isomwe mstari kwa mstari. Nyingi zinaondoa nchi zenye vita, na hilo limeandikwa kwa herufi ndogo. Tafuta inayotaja Sudan Kusini kwa jina na inayolipia ndege ya wagonjwa hadi Nairobi au Kampala.

Fedha ya huko ni pauni ya Sudan Kusini, nayo hupoteza thamani haraka. Beba dola za noti mpya, safi, zisizokunjika wala kuandikwa. Noti chakavu hukataliwa. Badilisha kidogo kidogo, na usitegemee kadi ya benki ukishatoka mjini.

Wakati wa kwenda na cha kubeba

Mvua karibu na Juba huanza Aprili na kuendelea hadi Oktoba au Novemba. Kazi ya kujenga ni kati ya Desemba na Machi, wakati barabara za udongo zinapitika. Kazi ya shamba ni pale mvua zinapoanza. Februari na Machi joto linakaribia nyuzi 40. Machi 2024 na tena Februari 2025 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto, kwa hiyo chagua Desemba au Januari ukiweza.

Begi liwe dogo. Weka humo:

- chandarua chenye dawa, dawa ya mbu na nguo za mikono mirefu
- viatu vya kazi vinavyofunika vidole, glavu nzito mbili na kofia pana
- chupa za maji za lita tatu kwa jumla, na vidonge vya kutibu maji
- tochi, betri ya kuchajia simu na paneli ndogo ya sola
- pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini, vipimo vya malaria, bandeji na dawa zako
- shuka, sufuria yako ya bati na kijiko

Acha nyumbani nguo zozote za rangi za kijeshi, darubini na droni. Saa yako irudishe nyuma saa moja: tangu Februari 2021 Juba haiendi tena na saa ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.

Kufika

Ndege kutoka Nairobi, Entebbe au Addis Ababa ndiyo njia salama. Basi la kutoka Kampala hupita Gulu na mpaka wa Elegu, kisha Nimule, halafu kilomita 192 za lami hadi Juba. Ukilazimika kupita njia hiyo, safiri mchana tu, na siku hiyo hiyo upate habari za barabara kutoka kwa madereva wa malori, ambao huipita kila wiki na hujua panaponuka.

Lala Juba usiku mmoja au miwili kabla ya kwenda kijijini. Nunua laini ya simu, nunua vyakula na vifaa soko la Konyokonyo, na mruhusu mwenyeji akutambulishe kwa viongozi wa kaunti. Ukifika boma, kwa chifu kwanza. Kikombe cha chai barazani kwake, na maelezo ya wewe ni nani, wa nani, unakaa siku ngapi, ndivyo vinavyokulinda kuliko fulana yenye nembo.

Kazi yenyewe

Anza alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu muwe kazini, na saa tano jua likipanda mpumzike. Jioni fanyeni kazi nyepesi.

Tuchukue kisima, kwa kuwa ndicho kilio cha vijiji vingi. Visima virefu vingi vya Sudan Kusini vina pampu ya mkono ya aina ya India Mark II. Kabla ya kufungua chochote, fundi pampu wa kijijini atashika mpini na kusikiliza. Maji yakichelewa kutoka mpaka upige mara nyingi, huenda valvu ya chini inavuja au bomba limetoboka. Yakitoka kidogo kuliko zamani, washa za pistoni zimelika. Mpini ukiwa mwepesi ghafla na maji hakuna, fimbo zimekatika au zimeachana huko chini. Akishajua, atafungua kichwa cha pampu, atoe mnyororo, kisha kazi ya nguvu ianze: bomba za chuma za mita tatu tatu zinavutwa moja baada ya nyingine, zikishikwa kwa vibanio zisitumbukie. Kisima chenye bomba za mita 30 kina vipande 10, vyote vikiwa vimejaa uzito na kutu.

Hapo ndipo mgeni ana faida. Vuta, shikilia, beba, panga bomba chini juu ya turubai zisishike udongo. Usishike spana mpaka upewe. Washa inayobadilishwa ni kipande kidogo cha mpira, lakini kisipopatikana wanawake wanatembea saa nzima kwenda mtoni. Kwa hiyo kabla ya bomba kurudishwa chini, hakikisha watu wawili wa kamati, na mmoja wao awe mwanamke, wameifunga washa kwa mikono yao wenyewe, na kwamba seti nyingine mbili zimebaki kwenye sanduku la kamati. Ikiwa wageni ndio waliofanya yote, kisima kitakufa mara ya pili kitakapoharibika.

Ukipangiwa ujenzi, pendelea matofali ya udongo na saruji yanayofinyangwa kwa mashine ya mkono, kwa sababu matofali ya kuchoma yanamaliza miti karibu na Juba. Udongo hupimwa kwanza: weka kiasi kwenye chupa ya maji, tikisa, acha utulie, uone mchanga umekaa chini kiasi gani na mfinyanzi juu kiasi gani. Fundi ataamua saruji kutokana na hapo. Tofali likishatoka, kazi ya mgeni ni ya subira: kulifunika na kulimwagilia kila siku kwa wiki nzima au zaidi. Wanaoruka hatua hii huona kuta zikimomonyoka mvua ya kwanza.

Usichimbe mahali pasipokaguliwa

Ardhi ya Equatoria, eneo ilipo Juba, ilitegwa mabomu katika vita virefu na serikali ya Khartoum kabla ya uhuru, na vita vilivyofuata viliongeza silaha ambazo hazijalipuka. Kabla ya msingi, choo au shimo la mti, mwandalizi aoneshe kwamba eneo limekaguliwa kupitia mamlaka ya taifa ya mabomu ya ardhini au UNMAS, kitengo cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulika nayo. Tembea kwenye njia iliyozoeleka tu, hata unapokwenda msalani. Mawe yaliyopakwa rangi nyekundu upande mmoja na nyeupe upande mwingine yana maana: upande mwekundu ni hatari. Usiokote chuma chochote. Ukikiona kitu cha ajabu simama, rudi kwa nyayo zako mwenyewe, na mwambie chifu. Watoto wakikuletea chuma, usikipokee. Waambie wakiweke chini taratibu, kisha nyote muondoke.

Kukaa na watu

Kiingereza ndiyo lugha rasmi, Kiarabu cha Juba ndicho cha sokoni, na vijijini kuzunguka mji utasikia Kibari. Kiswahili utakipata kwa waliokulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma au waliosoma Kenya na Uganda. Jifunze salamu: "Salaam, ita kef?" ni kumjulia mtu hali, "kweis" ni nzuri, na "shukran" asante. Salimia kila mtu, anza na wazee, na usianze shughuli kabla salamu hazijaisha. Mama wa makamo mwite mama, mzee mwite baba. Hapo huhitaji mafunzo, ni adabu ile ile ya kwetu.

Chakula kitakuwa asida na mboga za majani, bamia, maharage, au samaki wa Nile. Kula kwa mkono pamoja na wenzako. Usimwonyeshe mpishi kwamba umechoka na asida siku ya tatu. Pengine yeye anakupa alichowanyima wanawe.

Usimuulize mtu kabila lake. Usimuulize alikuwa wapi 2013 wala 2016. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba vita hivyo vilisababisha vifo vya watu karibu 383,000, kwa hiyo unaongea na wafiwa popote unapokaa. Mtu akikusimulia mwenyewe, nyamaza na usikilize. Usitoe ushauri, usirekodi, na usiyapeleke maneno yake kwa jirani. Kuhusu siasa za viongozi wao, huna upande.

Usipige picha daraja, uwanja wa ndege, jengo la serikali, kituo cha ukaguzi wala mtu mwenye sare. Mtu wa kawaida umuombe ruhusa, na mtoto umuombee kwa mzazi. Usigawe pipi, kalamu wala nguo mkononi mwako. Chochote ulicholeta kipite kwa kamati, mbele ya watu. Usiwe peke yako na mtoto, na uhusiano wa kimapenzi na watu wa kijijini usiwepo kabisa. Wenye njaa hawana uhuru wa kumkataa mwenye chakula, na mgeni lazima alikumbuke hilo kila saa.

Ukiugua

Homa yoyote ni malaria mpaka kipimo kikatae. Pima siku hiyo hiyo na utoe taarifa. Kuharisha kwa maji mengi kusikusubirishe: anza chumvi ya pakiti, na kama haipo, changanya vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi, huku ukipelekwa kituo cha afya. Mtu akiacha kutoka jasho juani na kuanza kuongea ovyo, amezidiwa na joto: mpelekeni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni na mtafute gari. Usibishane na kiongozi wa kambi akiamua urudi Juba.

Ikiwa mwaka huu haifai

Watu wale wale wako pia upande wetu wa mpaka. Uganda ina makazi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe, yaliyofunguliwa 2016, yenye zaidi ya wakimbizi 200,000, wengi wao kutoka Equatoria. Kuna Adjumani, na kuna Palabek wilayani Lamwo. Kenya ina Kakuma, iliyoanza 1992, na Kalobeyei pembeni yake. Kazi za shule, miti na maji ziko huko, usalama ni afadhali, na vibali hutolewa na ofisi za serikali zinazoshughulikia wakimbizi. Ukienda huko hujapunguza chochote. Wengi utakaofanya nao kazi ndio watakaorudi kujenga Yei, Magwi na Kajo Keji siku ikifika, na ujuzi watakaoupata wataondoka nao.

Kabla ya kuondoka

Siku mbili za mwisho zisiwe za ngoma na picha peke yake. Kaeni na kamati mhesabu vifaa, mwandike kilichokamilika na kilichobaki, na makabidhiano yasainiwe mbele ya chifu. Msiahidi kurudi kama hamna uhakika. Msiahidi wafadhili. Ahadi ya mgeni kijijini humo inahesabiwa kama deni, na watu wale wameahidiwa vya kutosha.

Kisha, baada ya miezi sita, mpigie simu mwenyekiti wa kamati. Usiulize kama wanawakumbuka. Uliza kama pampu imewahi kuharibika, na nani aliitengeneza. Akikutajia majina ya watu wa pale pale, kambi yenu ilifanya kazi yake. Akikuuliza mnakuja lini kuitengeneza, mwambie mwandalizi ukweli huo, ili kundi linalofuata lianze na mafundisho kabla ya kushika bomba.